Mkonge, Kwinini na Viungo: Historia ya Madhara ya Dawa za Baridi Yabisi Kariokor

Baridi yabisi ni jina moja linalobeba maradhi mengi. Ndani yake mna ugonjwa wa viungo unaotokea kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe, ukavimbisha vidole, viwiko na magoti, na kuvifanya vikakamae kila asubuhi. Mna lupasi, inayoweza kuanzia kwenye ngozi ikaishia kwenye figo. Mna jongo, linaloletwa na fuwele za asidi ya yuriki zinapotuama kwenye kiungo, na mna kuchakaa kwa gegedu kunakokuja na umri na kazi nzito. Dawa zake nazo ni nyingi, na hakuna hata moja isiyo na madhara. Inayozima uvimbe hukwaruza tumbo au huibana figo. Inayotuliza kinga hukiachia mlango kifua kikuu. Inayosafisha asidi ya yuriki huweza, kwa watu wachache, kuibambua ngozi.

Madhara hayo hayakujulikana siku dawa zilipoanza kutumika. Mengi yalijulikana baada ya miaka, na yalijulikana pale tu palipokuwa na mtu wa kumfuatilia mgonjwa. Kariokor, mtaa mkongwe wa Eastlands unaopakana na Pumwani, Ziwani na Ngara, ni mahali pazuri pa kuitazamia historia hiyo. Dawa mbili kubwa kati ya hizo zimepita karibu sana na watu wake. Moja ni mjukuu wa kwinini, dawa ya malaria ya zama za wapagazi waliouachia mtaa jina. Nyingine iliwahi kutengenezwa kwa maji ya mkonge, mmea uleule ambao nyuzi zake zinasukwa kuwa vyondo katika soko la Kariokor.

Jina lenyewe ni Carrier Corps lilivyotamkwa na wenyeji, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Katika vita vya 1914 hadi 1918, jeshi la Waingereza lilipigana na Wajerumani katika nchi isiyo na barabara, ambako mbung'o waliwamaliza farasi na maksai. Mizigo ikabebwa na watu. Kikosi hicho kiliongozwa na Oscar Watkins, na kambi yake ya Nairobi ilikuwa kwenye ardhi ambayo baadaye ilijengwa mtaa. Kwa jumla Waingereza waliwatumia wapagazi zaidi ya 400,000. Hesabu rasmi ya waliokufa ilipita 40,000, na wanahistoria wengi wanaona kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Walio wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, nimonia na malaria.

Dawa ya malaria ya wakati ule ilikuwa kwinini, inayotoka kwenye gome la mti wa sinkona. Wajerumani, waliozibiwa njia ya bahari na manowari za Uingereza, walichemsha magome ya sinkona iliyopandwa katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, na askari wao wakainywa dawa hiyo chungu. Madhara yake yalijulikana na kila aliyeitumia: masikio kuvuma, kichwa kuzunguka, kichefuchefu, na dozi ikizidi, macho kuingia giza. Kwa wapagazi mambo hayo hayakuandikwa mgonjwa kwa mgonjwa. Wengi wao hata vifo vyao havikuandikwa kwa majina.

Lakini kwinini ilikuwa na historia ya pili isiyohusu malaria. Mwaka 1894 daktari wa London, Joseph Frank Payne, alieleza jinsi alivyoitumia kutibu lupasi ya ngozi. Hakuna aliyeelewa kwa nini dawa ya homa ya mbu iponye vipele vya usoni, na kwa zaidi ya nusu karne jambo hilo lilikaa pembeni.

Dawa iliyotawala maumivu ya viungo katika miaka hiyo ilitoka kwenye gome la mti mwingine. Mwaka 1876 Thomas MacLagan, daktari wa Uskoti, alitangaza kwamba salisini ya mti unaoitwa wilo huondoa homa na maumivu ya baridi yabisi kali. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa kampuni ya Bayer alitengeneza aspirini safi, na mwaka 1899 ikaingizwa sokoni. Dozi za wagonjwa wa viungo zilikuwa kubwa kuliko zinazotumika leo. Madaktari waliiongeza dawa mpaka mgonjwa aseme masikio yanavuma, kisha wakarudi nyuma kidogo. Yaani dhara lenyewe ndilo lililokuwa kipimo cha tiba.

Tumbo lilichukua muda mrefu zaidi kusema. Mwaka 1938, katika hospitali ya Guy's ya London, Douthwaite na Lintott walitumia kifaa cha kuchungulia ndani ya tumbo wakaona kwa macho jinsi aspirini inavyoufanya utando wake uwe mwekundu na kuvuja damu. Sababu yake ilijulikana mwaka 1971, John Vane alipoonyesha kwamba aspirini na jamaa zake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kemikali hizo ndizo zinazochochea uvimbe na maumivu kwenye goti, na ndizo hizohizo zinazoulinda utando wa tumbo dhidi ya asidi yake na kuziwezesha figo kupata damu ya kutosha. Anayezizima gotini huzizima tumboni pia. Ugunduzi huo ulimpatia Vane Tuzo ya Nobel mwaka 1982, na unaeleza karibu kila dhara la dawa za maumivu zinazouzwa leo.

Dhahabu nayo ilipitiwa. Mfaransa Jacques Forestier alianza mwaka 1929 kutoa taarifa za sindano za chumvi ya dhahabu kwa wagonjwa wa viungo. Zilisaidia baadhi yao, lakini zilitoa vipele, ziliharibu figo na mara nyingine zilikausha uboho unaotengeneza damu. Zilidumu kwa miongo mingi kwa sababu tu hapakuwa na mbadala.

Vita vya pili ndivyo vilivyoirudisha hadithi ya kwinini. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, sehemu kubwa ya kwinini ya dunia ilipotea, na majeshi ya Waingereza yakahamia mepakrini, tembe ya njano iliyotengenezwa viwandani. Askari wa King's African Rifles waliopelekwa Burma, wakipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na malaria, walikuwa katika jeshi lililoimeza kila siku kwa amri. Ngozi na weupe wa macho vilibadilika kuwa njano. Kwa watu wachache dawa iliwavuruga akili kwa muda. Mamilioni ya watu wazima walikuwa wakimeza dawa moja kila siku kwa miezi mingi chini ya macho ya madaktari, na haikuwa imewahi kutokea hivyo. Katika mazingira hayo ilionekana kwamba baadhi ya waliokuwa na lupasi au viungo vilivyovimba walipata nafuu. Mwaka 1951 Francis Page alichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa lupasi kwa mepakrini, na mlango ambao Payne aliufungua mwaka 1894 ukafunguka tena.

Kilichoingia katika mlango huo ni klorokwini, iliyobuniwa na Hans Andersag wa Bayer mwaka 1934, na baadaye haidroksiklorokwini, iliyotengenezwa mwaka 1946 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1955. Nchini Kenya klorokwini ilijulikana na kila nyumba kama dawa ya malaria, na watu wa Eastlands walilijua dhara lake moja kuliko vitabu vingi vya Ulaya: kuwashwa. Saa chache baada ya kumeza, viganja, nyayo na mgongo huanza kuwasha kwa namna ambayo kujikuna hakusaidii, na usingizi hauji. Jambo hilo huwapata Waafrika wengi na watu wengine kwa nadra, na liliwafanya wengi waikatize dozi ya siku tatu. Klorokwini hushikana na melanini, rangi ya asili ya mwili, na hukaa ndani ya ngozi kwa muda mrefu baada ya kumezwa.

Rangi hiyo hiyo imo nyuma ya jicho. Mwaka 1959 Hobbs na wenzake walieleza katika The Lancet kuhusu wagonjwa waliokuwa wametumia klorokwini kwa muda mrefu, wakaharibika retina. Uharibifu huanzia pembeni mwa kitovu cha kuona, na daktari akichungulia huona duara lililozungukwa na pete. Mgonjwa husoma herufi huku nyingine zikipotea katikati ya neno. Lililoharibika halirudi, na huweza kuendelea kuharibika hata dawa ikiachwa. Anayetibu malaria kwa siku tatu hafikii hatari hiyo. Anayetibu lupasi kwa miaka kumi anaweza kuifikia. Ndiyo sababu haidroksiklorokwini, isiyo kali sana kwa jicho, ilichukua nafasi yake, na ndiyo sababu dozi hupimwa kwa uzito wa mwili. Kikomo kinachopendekezwa siku hizi ni miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku. Mama wa kilo 60 asipite miligramu 300, na kwa kuwa tembe nyingi ni za miligramu 200, huambiwa ameze moja leo na mbili kesho. Hupimwa macho mwanzoni, na tangu mwaka wa tano hupimwa kila mwaka.

Kotisoni ilikuja kwa kishindo kuliko dawa nyingine yoyote ya viungo. Tarehe 21 Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, Philip Hench alianza kumdunga mwanamke wa miaka 29 homoni iliyotengwa na Edward Kendall. Mwanamke huyo hakuweza kutembea. Katika siku chache alisimama, na wiki haikuisha kabla hajaenda madukani. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeusz Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Kufikia wakati huo mgonjwa wa kwanza alikuwa tayari ameonja upande wa pili: uso uliovimba, akili iliyobadilika, na ugonjwa uliorudi dozi ilipopunguzwa.

Shida ya kwanza, hata hivyo, haikuwa madhara bali upatikanaji. Kotisoni ya mwanzo ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya thelathini, na ilikadiriwa kwamba dozi ya mgonjwa mmoja kwa siku moja ilihitaji nyongo ya ng'ombe 40. Wanakemia wakatafuta mmea wenye umbo la steroidi karibu na lile la kotisoni. Wamarekani walipata viazi vikuu vya porini vya Meksiko. Waingereza waliupata mkonge wa Afrika Mashariki.

Mkonge ulifika Tanganyika mwaka 1893, ukiletwa na Richard Hindorf, na miche iliyosalia hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hapo ulijaza mashamba ya Tanga, kisha ukashika Thika na kwingineko nchini Kenya. Jani la mkonge hukwanguliwa kwa mashine, ambayo wafanyakazi wa Tanga huiita korona. Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Yanayobaki ni maji ya kijani na makapi, na kwa miaka mingi yalimwagwa. Mwaka 1951 Callow, Cornforth na Spensley, watafiti wa London, walionyesha kwamba uchafu huo una hekogenini. Katika molekuli ya hekogenini kuna oksijeni kwenye nafasi ya 12, mlango mmoja tu kutoka nafasi ya 11 inayohitajika kwa kotisoni. Maji ya mkonge yalichachushwa, mashapo yakachemshwa na asidi, na hekogenini ikasafirishwa hadi Uingereza, ambako kampuni ya Glaxo iliigeuza kuwa kotisoni na ndugu zake.

Nyuzi za jani lilelile zilienda njia nyingine. Katika soko la Kariokor mama husokota katani juu ya paja, akiikunja kwa kiganja mpaka nyuzi mbili ziwe uzi mmoja, kisha huanza kusuka kitako cha kiondo, duara dogo linalokua kwa kuzungushwa. Kazi hiyo inategemea vidole vinavyokunjika bila maumivu. Ugonjwa wa viungo wa kinga ya mwili huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na huanza na vifundo vya vidole hasa. Mmea mmoja umekuwa riziki ya vidole na dawa ya vidole, ingawa hakuna aliyewaeleza wasusi hao kwamba kulikuwa na uhusiano.

Madhara ya kotisoni yalijulikana moja baada ya jingine. Sukari ya damu hupanda, shinikizo la damu hupanda, mifupa hupoteza madini mpaka uti wa mgongo unavunjika kwa kuinua ndoo ya maji, ngozi huwa nyepesi, mtoto wa jicho huja mapema. Dhara lililowashtua madaktari zaidi lilihusu kuacha dawa. Mwaka 1952 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha habari za mgonjwa wa viungo aliyekuwa akitumia kotisoni, akafanyiwa upasuaji, akafa kwa mshtuko usiotibika. Tezi zake za juu ya figo zilikutwa zimesinyaa. Mwili unaopewa homoni kutoka nje huacha kujitengenezea. Ukinyimwa ghafla, au ukipata homa kali au upasuaji bila nyongeza, hauna akiba. Prednisoni na prednisoloni, zilizofuata mwaka 1955, zilipunguza tatizo la chumvi na maji kujaa mwilini, lakini mengine yote yalibaki.

Kwa nchi za joto kuna moja la kuongeza. Mnyoo mdogo unaoitwa strongiloidi huingia kwa ngozi ya nyayo na huweza kuishi ndani ya utumbo kwa miongo bila kuleta shida. Steroidi ikiishusha kinga, mnyoo huo huzaliana bila kizuizi, hutoboa utumbo na kusambaa mwilini, na huweza kuua. Dozi moja ya dawa ya minyoo inayofaa kabla ya steroidi huweza kulizuia jambo hilo. Ni tahadhari ndogo mno kwa hatari kubwa namna hiyo, na inasikitisha kila inaposahauliwa.

Huku kotisoni ikifunza adabu, viwanda vilitafuta dawa za uvimbe zisizo steroidi. Fenilibutazoni ilitoka mwaka 1949, ikasifiwa, kisha ikaonekana kwamba huweza kuua uboho. Ikaachiwa farasi kwa sehemu kubwa. Stewart Adams na wenzake wa kampuni ya Boots, Nottingham, walitengeneza ibuprofeni, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969 kwa jina la Brufen, na awali ilikuwa dawa ya baridi yabisi kwa cheti cha daktari. Indometasini na diklofenaki zilikuja katika miaka hiyohiyo. Hizi ndizo zilizoingia Eastlands kwa wingi.

Jinsi zilivyoingia inaeleza mengi. Kwa muda mrefu ilikubalika katika vitabu vya utabibu kwamba ugonjwa wa viungo wa kinga ya mwili ni nadra kwa Waafrika. Bwogi Kanyerezi wa Makerere aliuandika miongoni mwa Waganda mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1979 jarida la Annals of the Rheumatic Diseases lilichapisha uchunguzi wa Bagg na wenzake kuhusu ugonjwa huo nchini Kenya. Dhana ya unadra ilichelewa kufa. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauna jina hupewa dawa ya maumivu, na akirudi hupewa tena. Hivyo watu wengi wa Kariokor na mitaa jirani walitibiwa maumivu kwa miaka bila kutibiwa ugonjwa, wakabeba madhara ya dawa pasipo faida ya kuvinusuru viungo.

Duka la dawa la mtaani lina desturi yake. Karatasi ya tembe kumi hukatwa kwa makasi, mteja akapewa nne kwa pesa alizo nazo. Jina la dawa hubaki upande mmoja na tarehe ya kuharibika upande mwingine. Tembe hutiwa kwenye bahasha ndogo ya kaki, na juu yake huandikwa kwa kalamu 1x3 au 1x2, yaani tembe moja mara tatu au mara mbili kwa siku. Mama huyo huenda tayari anameza dawa ya shinikizo la damu na nyingine ya kumkojoza. Diklofenaki ikiongezwa juu ya hizo mbili, figo hubanwa pande tatu kwa wakati mmoja: damu inayoingia inapungua, msukumo wa kuchuja unapungua, na maji ya mwili yamepungua. Miguu huvimba, presha iliyokuwa imetulia hupanda, na kliniki humwongezea dawa ya presha badala ya kuuliza juu ya bahasha ya kaki. Kidonda cha tumbo nacho hakisemi mapema. Kwa wazee hasa, ishara ya kwanza huweza kuwa choo cheusi kama lami.

Wanakemia walijaribu kuliepuka tumbo. Walibuni dawa inayozima prostaglandini za uvimbe na kuziacha zile za tumbo, na mwaka 1999 rofekoksibu, kwa jina la Vioxx, iliidhinishwa Marekani. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni ya Merck iliiondoa duniani kote, baada ya jaribio kuonyesha kwamba huongeza mishtuko ya moyo na kiharusi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilionya kwamba diklofenaki nayo ina hatari ya moyo inayokaribiana na ile ya kundi hilo. Onyo hilo linawahusu wateja wa duka la mtaani kuliko linavyowahusu watu wa Ulaya, kwa kuwa hapa diklofenaki hununuliwa kama peremende.

Dawa iliyobadili kabisa hatima ya ugonjwa wa viungo ni methotreksati, iliyoanzia kwenye tiba ya saratani. Mwaka 1951 Gubner na wenzake walieleza kwamba dada yake, aminopterini, hutuliza viungo. Lakini methotreksati ilisubiri hadi 1988 kuidhinishwa Marekani kwa baridi yabisi. Hutumika kwa dozi ndogo, mara moja kwa wiki. Hapo ndipo penye hatari yake kubwa. Alama ya 1x3 inadhania siku. Haina namna ya kusema wiki. Mgonjwa aliyezoea kumeza kila siku akifanya hivyo na methotreksati, midomo na koo huota vidonda, uboho husimama, na baada ya siku chache huweza kufa kwa maambukizi. Tiba sahihi huitaja siku kwa jina lake, kwa mfano kila Jumatatu, na huongeza asidi ya foliki kwa siku nyingine ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Ini na chembe za damu hupimwa kila baada ya miezi michache, pombe hupunguzwa sana, na mwanamke haitumii anapotaka kushika mimba, kwa sababu huharibu kijusi.

Jongo lina nafasi yake pekee Kariokor, ambako moshi wa nyama choma hupanda kutoka sokoni tangu mchana. Nyama nyekundu na bia huongeza asidi ya yuriki, ingawa urithi na udhaifu wa figo vina uzito zaidi, na dawa za kukojoza huiongeza vilevile. Kolikisini, inayotoka kwenye ua na iliyotumika tangu enzi za Wayunani wa Byzantium, huzima maumivu ya ghafla lakini huleta kuhara, na dozi ya zamani ya kuendelea kumeza mpaka tumbo liharibike imeachwa. Alopurinoli, iliyotokana na kazi ya Gertrude Elion na kuanza kutumika mwaka 1966, hupunguza asidi yenyewe. Ikianzwa kwa dozi kubwa huweza kuamsha jongo lililolala, na kwa watu wachache huleta mwasho na malengelenge, ngozi ikabambuka pamoja na utando wa macho na mdomo. Huanzwa kwa miligramu 100 au chini ya hapo, na kipele cha kwanza ni amri ya kuiacha.

Kizazi kilichofuata ni cha dawa zinazotokana na chembe hai. Marc Feldmann na Ravinder Maini wa London waliwapa wagonjwa wa kwanza infliksimabu mwaka 1992, nayo ikaidhinishwa Marekani kwa baridi yabisi mwaka 1999. Miaka miwili baadaye, Keane na wenzake walieleza wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuitumia. Kemikali inayozimwa na dawa hiyo ndiyo inayojenga ukuta wa chembe unaomfungia mdudu wa kifua kikuu ndani ya pafu. Ukuta ukibomoka, mdudu aliyelala miaka ishirini huamka. Jijini Nairobi, ambako wengi wamekwisha kumvuta mdudu huyo bila kuugua, hakuna anayepaswa kuanzishiwa dawa hizo kabla ya kupimwa kifua kikuu. Bei yake imewazuia wengi kuliko tahadhari hiyo ilivyowazuia.

Utaratibu wa kitaifa wa kuyaandika madhara ulichelewa. Sheria ya dawa na sumu ya Kenya ni ya 1957, lakini mfumo wa kufuatilia usalama wa dawa ulizinduliwa na Bodi ya Dawa na Sumu mwezi Juni 2009, na mwaka 2010 Kenya ikawa mwanachama wa 98 wa mpango wa Shirika la Afya Duniani. Fomu ya njano ni ya madhara, ya waridi ni ya dawa mbovu. Katika muongo uliofuata, mradi wa UWEZO, ulioendeshwa na madaktari wa Kenya pamoja na wenzao wa Uingereza na Uswidi, uliwafundisha wahudumu wa afya kuutambua ugonjwa wa viungo mapema, ili mgonjwa apate dawa ya ugonjwa kabla hajamaliza miaka kwenye dawa za maumivu.

Klorokwini ilikuwa imekwisha ondoka. Vimelea vya malaria vilianza kuishinda katika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Haidroksiklorokwini ikabaki kwa wenye lupasi na viungo. Mwezi Machi 2020 dunia iliikimbilia kwa tumaini kwamba inatibu korona, Marekani ikaipa kibali cha dharura tarehe 28 Machi na kukifuta tarehe 15 Juni. Katika miezi hiyo wagonjwa wa lupasi katika nchi nyingi walikuta rafu tupu au bei iliyopanda, na watu wenye afya walimeza dozi ambazo mgonjwa wa lupasi haruhusiwi kuzifikia, nyingine zikauvuruga mdundo wa moyo, dhara ambalo kwinini nalo inalo. Mgonjwa anayeitumia leo Nairobi hupimwa uzito kabla ya kuandikiwa dozi, hupimwa figo kwa kuwa figo dhaifu huilimbikiza dawa mwilini, na hupelekwa kwa daktari wa macho apigwe picha ya retina, ambayo huhifadhiwa ili ilinganishwe na ya miaka ijayo.